Duka la Nyimbo

Wimbo ni mali ya ajabu. Ukimpa mwenzio embe lako, yeye hula nawe hubaki mkono mtupu. Ukimpa wimbo, yeye huwa nao na wewe ukabaki nao vile vile. Kwa sababu hii watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani kwamba wimbo hauwezi kuibwa. Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyoachishwa dhana hiyo katika mji wa Warsaw, nchini Polandi, katika miaka ile ambayo maduka ya nyimbo ya mtandaoni yalikuwa yakienea Ulaya nchi baada ya nchi. Habari za maduka hayo zina mafunzo ndani yake, na habari zangu mimi zina aibu ndani yake. Nitakupa zote mbili, kwa kuwa moja haielezeki vizuri bila ya nyingine.

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale. Baba yangu alikuwa mpiga udi. Hakuwa mtu wa sifa kubwa, lakini harusi nyingi za mtaa wetu hazikukamilika mpaka yeye ameketi na kuzikaza nyuzi zake. Katika maisha yake alipata kurekodi kanda mbili. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, tulipita sokoni tukaona kanda yake katika kibanda kimoja. Ilikuwa imenakiliwa. Picha yake juu ya karatasi ilikuwa imefifia kama sura ya mtu aliye nyuma ya pazia, na jina lake lilikuwa limekosewa herufi. Mwenye kibanda hakumtambua. Baba hakugomba wala hakutoa neno la ukali. Aliuliza bei, akalipa, akaitia kanda mfukoni, tukaenda zetu. Njiani nilimwuliza, "Baba, mbona umenunua kanda yako mwenyewe?" Akanijibu, "Mwanangu, nilitaka kujua sauti yangu inauzwa kiasi gani. Mji mzima unajua, isipokuwa mimi."

Jibu hilo lilikaa moyoni mwangu miaka mingi. Walakini kukaa kwa neno moyoni si sawa na kutendwa kwake, kama utakavyoona.

Sasa nikueleze habari za maduka yenyewe. Tangu mwaka 1999 programu iliyoitwa Napster ilikuwa imewafundisha mamilioni ya watu kupeana nyimbo kwa njia ya kompyuta bila malipo, mpaka mahakama za Marekani zikaizuia mwaka 2001. Programu ilikoma, lakini mazoea hayakukoma. Ndipo tarehe 28 Aprili 2003 kampuni ya Apple ikafungua nchini Marekani duka lililoitwa iTunes Music Store. Duka hilo halikuwa na rafu wala karani. Mtu aliketi mbele ya kompyuta yake, akachagua wimbo mmoja katika nyimbo 200,000, akalipa senti 99 za dola, na wimbo ukamfikia kabla chai yake haijapoa. Zamani, aliyependa wimbo mmoja mara nyingi alilazimika kununua santuri nzima, kama mtu anayetaka kitunguu kimoja akalazimishwa kununua gunia. Katika juma la kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Haba na haba hujaza kibaba. Senti zile zilionyesha kwamba watu walio wengi hawakatai kulipa wakiwekewa bei ya haki na mlango ulio wazi.

Mwaka mmoja baadaye duka hilo lilivuka bahari. Tarehe 15 Juni 2004 lilifunguliwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, na katika juma la kwanza nchi hizo tatu zilinunua nyimbo 800,000. Tarehe 26 Oktoba mwaka ule ule zikaongezwa nchi tisa: Austria, Ubelgiji, Ufini, Ugiriki, Italia, Luxembourg, Uholanzi, Ureno na Uhispania. Januari 2005 ikafuata Ireland, na Mei mwaka huo Denmark, Norwe, Uswidi na Uswisi. Hapo safari ikasimama. Ukiitazama ramani ya Ulaya utaona nchi kumi na saba za magharibi, kaskazini na kusini zimepata duka, na upande wa mashariki umebaki kama nyumba ambayo mgeni ameipita bila ya kubisha hodi.

Labda utauliza, msomaji, kwa nini duka lisilo na jengo lisafiri polepole hivyo. Bidhaa yake haikuhitaji meli wala gari, wala haikuoza njiani. Hata mimi niliuliza hivyo. Jibu ni kwamba wimbo una wenyewe wengi. Yuko aliyeutunga, na iko kampuni iliyoirekodi sauti. Na kila mmoja ana haki yake, na haki hizo kwa desturi hutolewa nchi kwa nchi. Ruhusa ya kuuza wimbo Ufaransa si ruhusa ya kuuuza Ugiriki. Wimbo wenyewe hupita kwenye waya kwa kasi ya umeme, lakini sheria inayoulinda hutembea kwa miguu, na katika kila mpaka husimama ikafungua mzigo wake.

Usidhani kwamba sheria hizo ziliwekwa ili kuwasumbua watu. Zina asili nzuri, na nitakupa kisa chake. Mwaka 1847, katika mji wa Paris, mtunzi mmoja aitwaye Ernest Bourget aliketi katika mkahawa, akaletewa kinywaji. Akiwa pale alisikia wanamuziki wa mkahawa wakipiga nyimbo zake, na wateja wakifurahi. Ilipofika saa ya kulipa, alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa mwenye mkahawa alitumia muziki wake bila ya kulipa, naye pia angeweza kutumia kinywaji cha mkahawa bila ya kulipa. Shauri likafika mahakamani, na mtunzi akashinda. Mwaka 1851 likazaliwa shirika la SACEM, ambalo hukusanya malipo kwa niaba ya watunzi wa Ufaransa. Uingereza ilipata shirika lake, PRS, mwaka 1914, na Ujerumani ina lake liitwalo GEMA. Kwa hiyo kila nchi ilijenga ukuta wa kuwalinda watunzi wake, na kila ukuta ulikuwa na bawabu wake. Kuta hizo zilijengwa kwa haki. Kosa lilikuwa kwamba milango yake ilikuwa michache, na funguo zilikuwa katika mikono mingi.

Mimi nilifika Warsaw mwaka 2006 kusoma uhandisi. Polandi ilikuwa imejiunga na Umoja wa Ulaya pamoja na nchi nyingine tisa tarehe 1 Mei 2004, majuma sita tu kabla ya duka la nyimbo kufunguliwa London, Paris na Berlin. Mwishoni mwa mwaka 2007 ukaguzi wa pasipoti kati ya Polandi na Ujerumani uliondolewa. Nilipata kupanda gari la moshi Warsaw nikashuka Berlin bila ya mtu kuniuliza nilikotoka. Ningeweza kununua santuri huko, nikaitia mkobani, nikarudi nayo, na hapana sheria ambayo ningeivunja. Lakini wimbo ule ule haukuweza kuuzwa kwa njia ya waya kwa mtu anayekaa Polandi, kwa kuwa duka lilimtambua mnunuzi kwa nchi ya kadi yake ya benki. Mwanadamu mwenye mwili na mifupa alivuka mpaka. Wimbo usio na uzito ukazuiwa. Nililiona jambo hili kuwa kichekesho, kisha nikaliona kuwa dhuluma, na mwisho nikalifanya kuwa udhuru.

Udhuru ulikuwa huu. Katika bweni letu wanafunzi walikuwa na desturi ya kunakiliana nyimbo. Mimi niliingia katika desturi hiyo kwa bidii kuliko wote. Kompyuta yangu ilijaa maelfu ya nyimbo ambazo sikulipia hata moja. Aliyetaka wimbo alinijia, nami nikampa, na kila nilipotoa nilijiona mkarimu. Wenzangu wakanipa jina la utani la "mwenye duka", na jina hilo likanifurahisha. Akili yangu iliponisuta, niliijibu kwa hoja niliyoipenda sana: wenye nyimbo wamefunga mlango wao, basi wasilalamike watu wakipita dirishani. Tazama, msomaji, jinsi mtu anavyoweza kuwa wakili hodari akijitetea mbele ya hakimu ambaye ni yeye mwenyewe.

Nilikaa chumba kimoja na kijana wa nchi ile. Dada yake alipiga fidla na kuimba katika kikundi kidogo, na walikuwa wamejinyima mwaka mzima wakarekodi santuri moja. Kaka yake aliniletea santuri hiyo niisikilize. Ilinipendeza. Nikainakili katika kompyuta yangu, na kwa kuwa kitu kizuri hakifai kufichwa, nikawagawia wenzangu.

Jumapili moja dada yule alikuja kumtembelea kaka yake. Alipokuwa akipanda ngazi alisikia wimbo wake ukitoka katika chumba cha ghorofa ya pili, na alipofika ghorofa ya tatu akausikia tena. Aliingia kwetu uso umejaa nuru. "Mnaijua santuri yangu!" akasema. Nami, kwa ujinga wangu, nikamwambia kwa fahari kwamba mimi ndiye niliyeieneza, na kwamba watu thelathini katika bweni hilo wanayo. Alitabasamu kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Wangapi wameinunua?"

Nikanyamaza. Halafu nikamtolea hoja yangu ya mlango na dirisha; nikamweleza habari za duka kubwa ambalo limefunguliwa nchi kumi na saba na Polandi haimo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Hayo ni kweli. Lakini santuri yangu ilikuwa inauzwa katika duka la barabara ya pili kutoka hapa. Mlango wake ulikuwa wazi kila siku ila Jumapili."

Hakuongeza neno, wala halikuhitajiwa. Pale pale nilimwona baba yangu amesimama mbele ya kibanda, akiuliza bei ya sauti yake. Nikajua kwamba mwenye kibanda yule, ambaye nilimchukia utoto wangu wote, alikuwa mimi. Naye angalau alikuwa na watoto wa kulisha. Mimi nilikuwa na jina la utani tu. Wazee wetu walisema kwamba mla cha mwenzie na chake huliwa. Mimi niliigeuza mithali hiyo kichwa chini: cha kwetu kililiwa kwanza, na badala ya kujifunza uchungu wake nikajifunza ulaji.

Haya nimeyasema si kwa kutaka kuyaondolea makampuni lawama yao. Mwenye duka anayechelewa kufungua huwafundisha wateja njia za kichochoro, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hata walipofungua, hawakufungua kwa usawa. Mwingereza alilipa peni 79 kwa wimbo ambao Mjerumani na Mfaransa waliupata kwa senti 99 za yuro, na kwa kima cha fedha cha siku zile Mwingereza ndiye aliyelipa zaidi, wala hakuruhusiwa kununua katika duka la jirani. Chama cha kutetea wanunuzi kiitwacho Which? kilipeleka malalamiko mwaka 2004. Aprili 2007 Kamisheni ya Ulaya ikaziandikia rasmi Apple na kampuni kubwa za muziki kueleza mashaka yake juu ya mipaka hiyo, na Januari 2008 Apple ikaahidi kuziteremsha bei za Uingereza zilingane na za wenzao. Kamisheni iliridhika kwamba mgawanyo wa duka kwa nchi haukutokana na mapatano ya hila, bali na sheria za haki za watunzi zilizotofautiana nchi hata nchi. Hayo yote ni kweli, na yana uzito. Lakini kosa la mwenye mlango halikuwa leseni yangu, na hasa halikuwa leseni juu ya santuri ya yule dada, ambaye hakumfungia mtu mlango wowote.

Tarehe 29 Septemba 2011, miaka saba na zaidi ya miezi mitatu tangu siku ile ya London, duka hilo lilifunguliwa Polandi na katika nchi nyingine kumi na moja: Bulgaria, Kupro, Ucheki, Estonia, Hungaria, Latvia, Lithuania, Malta, Romania, Slovakia na Slovenia. Ukizihesabu utaona kwamba ni nchi zile zile zilizojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na 2007. Kwa nyimbo, Umoja wao ulianza siku hiyo. Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo na ninafanya kazi. Yule dada na wenzake walikuwa wametoa santuri ya pili, na baada ya muda wakala wao akazipeleka nyimbo zao zote dukani.

Usiku mmoja niliketi nikaandika orodha ya nyimbo nilizozinakili na ambazo bado nilizipenda. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Niliamua kuzinunua kidogo kidogo kila nilipopata mshahara, nikianza na za yule dada. Nilijua kwamba katika kila wimbo kampuni ya duka huchukua sehemu yake, na wakala sehemu yake, na kinachomfikia mwimbaji si kingi. Lakini mkono mtupu haulambwi, na kidogo kilichotolewa kwa haki ni kingi kuliko sifa tupu.

Nilipomaliza kununua za yule dada, nilimpigia baba simu Mombasa. Alikuwa ameshazeeka, na vidole vyake havikuweza tena kuzikaza nyuzi. Nilimweleza kisa chote, ambacho nilikuwa nimemficha kwa miaka. Mwisho nikasema, "Basi, baba, leo nimelipa deni."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Umelipa lako. Na la wale thelathini uliowagawia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Wengi wao sijui waliko. Hilo ndilo fundisho ambalo sikulipata kwa mwalimu wala kitabuni: aliyeiba embe aweza kurudisha embe, lakini aliyemwaga wimbo wa mwenzie hawezi kuukusanya tena.

Tangu siku hizo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kuwezesha ruhusa moja ya muziki wa mtandaoni kutumika katika nchi nyingi. Watu wengi waliacha kununua wimbo mmoja mmoja, wakaanza kulipa ada ya mwezi ili wasikilize wautakao. Huduma ya Spotify, iliyoanzia Uswidi na nchi nyingine kadhaa za Ulaya mwaka 2008, ilikutana na kuta zile zile; haikuingia Ujerumani mpaka Machi 2012, na kwetu Kenya ilifika Februari 2021. Kwa hiyo nasi tumekuwa katika foleni ileile waliyosimama watu wa Warsaw, na sisi tulisimama mbali zaidi na mlango.

Msomaji wangu, yamkini unayo simu, na ndani yake mna nyimbo nyingi kuliko alizopata kuzisikia babu yako maisha yake yote. Sikuulizi umezipataje. Mimi si hakimu, na umeona mwenyewe kwamba sistahili kiti hicho. Milango mingine ingali imefungwa, na ni haki yako kubisha, na kupiga kelele ifunguliwe, na kusema bei ni kubwa kama ni kubwa. Nakuomba jambo moja tu. Siku utakaposema, "Nimechukua kwa sababu mlango umefungwa," nenda kwanza ukausukume. Mimi wangu sikuusukuma kamwe. Ulikuwa barabara ya pili, na ulikuwa wazi.